Kipimapembe

Watu hudanganya umri wao pale mapokezi.
Goti halidanganyi.
Naliwekea kiganja kabla sijafungua faili,
nalikunja taratibu, nalisikiliza.

La Yeremia Chiloleti lina miaka kumi na mmoja.
Aliruka kutoka mkokoteni wa maji kule Nzuguni,
punda akageuka kushoto, yeye akaenda kulia.
Mfupa wake una ukingo mlaini, bado unajijenga.
Daktari aliinua picha dirishani, akasema:
skurubu isipite hapa,
tusije tukafunga mlango ambao mtoto hajaupita.
Basi plasta, na swali lile lile kila asubuhi:
"Dada, nitamfikia kaka urefu?"
Kuinua mguu hataki. Siku ya nne hii.

Ndahani ni kiungo wa timu ya soko la Majengo.
Kano ilikatika pa! kama kuni ya mkole,
hata mshika kibendera aliisikia.
Nilimwambia miezi tisa. Akacheka.
Fainali ilikuwa Jumamosi.
Jumatatu wakamrudisha kwa pikipiki, goti limevimba kama tikiti.
Sikusema neno.
Barafu haina lawama, nikaifunga kwa taulo.

Na Bibi Sechelela wa Mvumi,
ambaye gegedu lake limekwisha,
mfupa juu ya mfupa,
jiwe la kusagia uwele lililosaga hadi likajisaga.
Nilimwekea kipimapembe changu cha plastiki.
"Unatafuta nini humo?"
"Tisini, bibi. Ukifika tisini utakaa kitini vizuri."
"Kiti ninacho tangu niolewe. Nataka ngoma."

Nilikuwa nimesahau.
Muheme haishikwi mkononi,
hubanwa katikati ya magoti,
na chuoni hawakutufundisha digrii zake.

Nikaviringisha blanketi la wodi,
nikalikaza kwa bendeji, nikamwekea.
Bana, bibi. Hesabu hadi tano. Achia.
Hakuhesabu.
Alibana, akafumba macho, kiganja kikashuka:
du. Du-ku-du. Du.
Sauti nzito, ya pamba na vumbi,
muuguzi akasimama mlangoni na sahani ya dawa.
Machozi yalimtoka bibi, sijui ya maumivu au ya nini,
mkono haukusimama.

Kitanda cha pili, plasta ikanyanyuka.
Kidogo. Ikashuka. Ikanyanyuka tena.
Ndahani aliugeukia ukuta,
lakini niliviona vidole vyake vya mguu
vikipokea pigo la pili, kila mara la pili.

Nikaandika: *goti la kulia, sabini na mbili.*
Fomu haina nafasi ya mengine.

Nje upepo wa Agosti ulikuwa unapiga mabati.
Blanketi limefumuka mshono.
Kesho nije na sindano na uzi.