Mguu Upi

Kwanza napima jeli tupu,
isiyo na chembe, isiyo na deni,
ili mashine ijue kutokuwepo kunafananaje.
Taa inataka nusu saa kupata moto.
Nje, Birkat al-Mauz inaungua kwa jua la Juni,
migomba imejikunja nyuma ya kuta za udongo,
maji ya falaji yanapita kwa zamu
kama anavyopita Biju, fundi wetu, akiuliza: bado?
Bado.

Halafu kipande cha pili.
Hiki cha manjano, manjano ya bizari
uliyoinawa mara tatu na bado imeshika kidoleni.
Unene wake sentimita moja.
Nuru inaingia nzima, inatoka na pengo,
na pengo ndilo ninalolisoma:
kilima kimoja, kilele chake nanomita mia nne na kumi na mbili.
Fedha yenyewe sijaiona.
Nimeona ilichokula.

Shangazi Ghaniya hakulielewa hilo,
au alilielewa kunipita.
Furungu lilikuwa la Bibi Shinuna,
lilipasuka katika safari ya kurudi
kwenye nchi ambayo hakuwahi kuiona;
vijiwe vya ndani vilimwagika, halilii tena.
Masonara wa Nizwa walilitia mizanini, wakabetua midomo.
Nikaliomba. Nikapewa kwa shingo upande.
Nikakata kipande cha ukubwa wa ukucha,
nikakitia kwenye asidi.

Maji yakageuka buluu.
Buluu! Na fedha safi ikiyeyuka haina rangi.
Ilikuwa shaba, imejificha humo miaka mia na ushei,
na sonara aliyempunja mama wa bibi
akakamatwa Jumanne ile, saa nne asubuhi, mbele ya Biju.
Au hakumpunja. Fedha tupu ni laini,
haihimili mguu wa mtu mwenye kwenda.

Nikatia chumvi. Fedha ikaganda kama mtindi,
shaba ikabaki majini peke yake.
Nikaisafisha, nikairudisha kuwa maji,
nikainywesha jeli, nikaipasha moto
kwa sukari ya tende za khalasi,
na manjano yakaja polepole, kutoka pembeni kwenda katikati.

"Umemyeyusha bibi yako," alisema kwenye simu,
kwa Kiunguja, maana Kiarabu chetu
ni cha wageni na cha benki.

Ningemweleza nini?
Kwamba jeli ni ya kufunikia vidonda vya moto, inshallah, siku moja?
Kwamba nyuzi zake zinashika kila chembe mbali na mwenzake,
kwa sababu zikigusana tu
kilima kinalala, kinatambaa kuelekea wekundu,
na manjano yote yanakuwa majivu?
Hilo angelielewa. Yeye ndiye anayetupangia vyumba
siku ya Idi kule Sumail, dada tisa na watoto wao,
na ifikapo adhuhuri hakuna asiyenuna.
Wiki sita sasa ninapima.
Mia nne na kumi na mbili. Mia nne na kumi na mbili.
Mia nne na kumi na tatu, nikakosa usingizi.
Kumbe nilipaacha na alama ya kidole kwenye kioo.

Alhamisi alikuja mwenyewe.
Akavua viatu mlangoni, hakuna aliyemwambia.
Akaitazama jeli dhidi ya dirisha.
"Fedha ni nyeupe."
"Ikiwa ndogo hivi, si nyeupe, Shangazi."
Akanyamaza. Kisha:
"Na huu ulikuwa mguu upi? Wa kulia au wa kushoto?"

Sikuwa na jibu, wala mashine haikuwa nalo.

Akafungua mkoba, akafungua leso,
akatoa la pili, zima, jeusi kwa kukaa.
"Hili usilikate. Limulike tu."
Nilijua haliwezekani. Nikaliegemeza
mbele ya tundu la nuru, kifuniko wazi,
mstari ukapanda hadi ukingo wa karatasi, ukaganda huko:
hakuna kilichopita.

Nilipoliinua, vijiwe vikalia.
Biju akageuka.

"La kushoto," Shangazi alisema, "ndilo hili.
Lilikuwa likitangulia."