Chanzo Kinahitajika

Mchana nachonga meno ya watu nisiowaona,
plasta ya Almelo imenijaa kwenye kucha.
Usiku, vyombo vikishaoshwa, Wessel akishakoroma,
nafungua kamusi elezo isiyo na jalada wala mwenyewe,
nakaa kufukua wafu wa mataifa mawili.
Mkono mtupu haulambwi;
wangu unaandika.

Nilianza na Petros, mwuza hariri,
aliyeshuka Amsterdam na marobota kumi na tisa
na lugha ambayo karani hakuijua.
Karani akaandika alichosikia: Pieter.
Mstari wa chini: Petter.
Ukurasa wa pili amechoka: *Mwarmenia yule*.
Petros aliuza hariri, mimi nahariri.
Yeye alipata faida.

Namwelewa karani. Baba alipotufikisha hapa,
mwanamke wa manispaa, mwema, mwenye mafua,
aliniandika Asken.
Miaka thelathini na nne naishi
nikiwa nimepungukiwa herufi mbili.

Basi nikaandika kwamba Petros alikuwa na mke,
Taguhi, aliyebaki Julfa akihesabu misafara.
Bibi alimtaja kila alipopasua kokwa za aprikoti:
ukoo wetu, alisema, umetoka tumboni mwake.
Dakika sita. Sentensi imefutwa.
Aliyefuta alijiita Mlinzi wa Tuta.
Sababu: "Bibi yako si chanzo."

Nilimtukana kwa Kiarmenia, jikoni, kwa sauti ndogo.
Kisha tukabishana miaka saba:
kalenda ya kale, kalenda mpya,
koma, na koma tena.
Sikujua ni mzee au kijana,
ila hakugusa kitu Jumapili asubuhi,
na aliandika "maji"
kama mtu anavyoandika jina la adui.

Machi moja nikachukua likizo, treni, miwani mipya.
Karatasi za hifadhi zilinuka mkate uliolowa.
Siku ya tatu nikamwona, wino wa kahawia:
deni limelipwa kwa mjane *Tagoehie*.
Karani mwingine, sikio lile lile.
Sikupiga kelele; pale hairuhusiwi.
Nikaweka namba ya jalada, ukurasa, upande wa nyuma.
Mlinzi wa Tuta akajibu: "Sawa."
Nililala na neno hilo kama mtoto na kiatu kipya.

Kazi yake ya mwisho ni ya Novemba, saa tisa usiku:
aliondoa nafasi moja iliyozidi
kati ya *Taguhi* na *mjane*.
Tangu hapo, kimya. Tuta halina mtu.
Sina wa kumuuliza. Hata jina lake sina,
mimi niliyewarudishia majina wafu mia mbili.

Jana kijana wa Gyumri ameongeza aya nzima
kuhusu babu wa babu yake,
mpanga herufi za chapa huku Uholanzi,
"kama bibi anavyosimulia."
Tanbihi, hata moja.
Nimekaa na chai mpaka ikapoa.
Nimefuta.
Nimeandika: "Bibi yako si chanzo."
Kisha chini yake, kabla sijazima taa:
"Muulize tena.
Muulize kabla ya baridi."