Nasaba ya Tarakimu

Kuteleza si kuanguka, walinena wahenga wa kwetu,
lakini wao hawakuwahi kukanyaga lami ya Kemijärvi
mwezi wa pili, mvua ikishaganda usiku
na njia nzima inang'aa kama sahani iliyorambwa.
Huko kuteleza ni kuanguka, kuanguka ni nyonga,
na nyonga, kwa mwenye miaka themanini na mitatu,
ni kitanda chenye reli ubavuni.

Raakel Vuontela, afisa afya, ana fedha za jambo moja.
Ama njumu za kufunga viatuni, jozi elfu na mia mbili,
ama mwalimu wa mazoezi ya kusimama imara,
ama mchanga zaidi barabarani.
Baraza linakaa Jumanne. Diwani Hannula ameshachagua njumu;
shemeji yake anaziuza, ila hilo halimo kwenye muhtasari wa kikao.
Kilichomo ni sentensi moja, imepigiwa mstari:
njumu hupunguza maanguko kwa asilimia sitini na mbili.

Sitini na mbili. Si sitini, si "zaidi ya nusu".
Ile mbili ya mwisho ndiyo iliyovaa tai.

Raakel akaishika mkono tarakimu: wewe mtoto wa nani?
Kijitabu kikajibu, nimeitoa kwenye ripoti ya mkoa.
Ripoti ikajibu, mimi niliikuta kwenye jarida la Uswidi.
Jarida likamtaja profesa,
na profesa, kwenye tanbihi yenye herufi ndogo kama chawa,
akamtaja bwana aliyehutubia mkutano mwaka wa themanini na nane.
Nakala ya hotuba haipo.
Na huko nyuma kabisa, ghalani mwa maktaba ya Oulu,
ndani ya boksi ambalo mkutubi Eskil alilipuliza vumbi kwa adabu,
karatasi nne za taipureta:
wazee ishirini na sita, wote wa klabu moja ya michezo,
walipewa njumu bure na kiwanda,
wakaulizwa na kiwanda, theluji ilipoyeyuka,
kama wanadhani walianguka kidogo kuliko mwaka jana.
Kumi na sita walidhani hivyo.
Gawanya mwenyewe.

Saa saba za usiku. Radieta inagugumia.
Mia mbili na kumi na nne amezipitia, kumi na tisa amezisoma zote,
tatu tu zimebaki zimesimama wima:
zile ambazo kura ndiyo iliyogawa watu, si mapenzi, si hofu,
na aliyehesabu hakujua nani kapewa nini.
Hata hizo zinayumba. Moja ilifanyika mji usioijua theluji.

Asubuhi akampigia shangazi yake Aune, aliyevunjika Novemba.
"Barafu? Nani kakwambia barafu?
Nilijikwaa kwenye zulia, nakimbilia kahawa isichemke ikamwagika."

Mtu mmoja si ushahidi. Hivyo ndivyo anavyowafundisha wengine.
Hata hivyo alishuka hospitalini na penseli,
akafungua daftari la majira yaliyopita:
mivunjiko arobaini na mmoja.
Ishirini na saba, ndani ya nyumba.
Bafuni. Kizingitini. Kati ya kitanda na swichi ya taa.
Miaka yote walikuwa wakihesabu nyonga,
hakuna aliyejumlisha mahali.

Jumanne akasimama. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza:
Hatujui bado.
Hannula akacheka kwa pua. "Mshahara wote huo,
kwa maneno mawili?"
"Na la tatu," alisema Raakel. "Tuhesabu.
Mazoezi, msimu mmoja. Nusu ya majina kwa kura,
nusu wangoje mwakani. Kila anguko liandikwe,
na mahali pake."

Walipitisha kwa kura moja, au kwa uchovu.

Nje giza lilishaingia, saa tisa na nusu alasiri.
Kwenye ngazi akainama, akafunga njumu,
jozi kuukuu ya marehemu mama yake,
kwa kuwa mtu mmoja si ushahidi,
na barafu ilikuwa pale pale, mbele ya kiatu.