Ukurasa wa Arobaini na Moja

"Maji yakivuja, rejea kwa muuzaji,"
ndivyo kisemavyo kitabu, ukurasa wa arobaini na moja.
Muuzaji yuko Regina, kilomita mia tatu na ushee,
na leo ni Jumapili,
na maji hayajui Jumapili.

Nililala chali chini ya kitanda, sakafu imelowa,
Garnet kashika tochi.
Mume wangu ni mtu mwema, lakini tochi yake
humulika pale nilipokwisha kupatazama.
Nikasema kushoto. Akanimulika usoni.

Kitabu kina kurasa mia na themanini.
Kimeandikwa kwa ajili ya matrela yote ya kiwanda kile,
kwa hiyo hakikuandikwa kwa ajili ya hili letu.
"Kama trela lako lina kifaa hiki," kinaanza,
na ukurasa wa pili kama, na wa tatu kama.
Mimi niliyetunza hesabu za ghala la ngano miaka thelathini na mmoja
sijapata kuona daftari lenye kama nyingi hivi
na jumla isiyoandikwa.

Nati ya plastiki haitaki spana.
Hilo halimo kitabuni.
Nililijua niliposikia ta!
na maji yakanipiga kidevuni.

Trela la jirani lilikuwa kuukuu, rangi ya maziwa yaliyoganda,
na mwenyewe, Ambrose Letendre,
alikuwa amesimama na kikombe chake cha kahawa
akitazama miguu yangu iliyotokeza mlangoni.
Mficha uchi hazai. Nikamwita.

Hakuuliza kitabu.
Aliuliza, "Limeanza kuvuja kabla ya changarawe au baada?"
Nikanyamaza, maana sikuwa nimewahi kufikiri
kwamba barabara nayo ina mkono wa kufungulia.

Akanifundisha magurudumu:
kila mnaposimama kujaza mafuta, gusa kitovu cha gurudumu
kwa nyuma ya mkono.
Kikiwa na joto la mkate uliokwisha kukatwa, endeleeni.
Kikiwa kikaango, beringi inalilia grisi.
"Kwa nyuma ya mkono," akarudia, "si kwa kiganja.
Kiganja bado utakihitaji."

Akanifundisha gesi: povu la sabuni kwenye kiungo,
kisha subira.
Pua hudanganya, hasa pua yenye mafua.
Povu likivimba, funga, toka nje, usijifanye shujaa.

Mengine nilijifunza peke yangu, kwa hasara.
Oktoba nilimimina dawa ya waridi kwenye mabomba yote
isiganda humo baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nikalisahau bomba moja fupi, la bafu la nje.
Aprili nikalikuta limepasuka kwa urefu
kama ganda la njegere.
Na panya walikuwa wamezaa ndani ya droo ya vijiko,
wakatandika malazi kwa kurasa za dhamana.
Angalau kuna waliofaidika nazo.

Sasa pambizo zimejaa penseli yangu.
Ukurasa wa kumi na tisa: uongo, swichi iko nyuma ya kabati.
Ukurasa wa sitini: fyuzi ya tatu ni ya pampu, si ya taa.
Wa arobaini na moja: kwa mkono tu, Edwina, kwa mkono tu.
Garnet husoma maandishi yangu kwa sauti, tochi kwapani,
siku hizi akimulika karibu na ninapotaka.

Umebaki mlio mmoja.
Uko kati ya friji na mlango,
huja kwenye changarawe, upepo ukitoka magharibi,
kisha hukoma pindi ninapoinuka kuusikiliza.
Ambrose aliweka sikio ukutani dakika nzima,
akatikisa kichwa, akaomba kahawa.
Nimeupa ukurasa mtupu wa mwisho:
tarehe, mwendo wa gari, kilichokuwa ndani ya friji.
Jana: mayai sita, siki, nusu ya keki.
Ulilia mara mbili.