Pipa la Sailensa

Nyuma ya kibanda changu hapa Kibuye
lipo pipa la mafuta lililokatwa kichwa.
Ndani mna sailensa mia na kitu,
zimejikunja kama kamongo wa kukaushwa.
Mimi ndiye niliyezikata.
Mia tano kuitoa, diski ya grainda juu yangu.
Mia nane kuirudisha, wiki ya msako.
Sikatai: nimekula pande zote mbili.

Okumbe alikuja mwaka wa mvua ile ndefu,
pikipiki mpya, mkopo bado unanuka rangi.
"Fundi, itoe.
Usiku barabara ya Kakamega hakuna anayeniona.
Taa yangu ni kibatari mbele ya lori.
Kofia ninayo, abiria hataki,
anasema inanuka vichwa vya watu.
Basi nipe sauti.
Asiyeniona na anisikie."

Ningemjibu nini?
Nikavaa miwani. Cheche zikamwagika
hadi kwenye vidole vya sandali zake.
Alipopiga teke la kwanza
kuku wa Mama Benta waliruka ua,
naye Okumbe akacheka
kama mtu aliyepewa jina.

Sista Rispa alikuja Jumamosi, sare bado mwilini,
macho mekundu kwa zamu ya usiku.
Hakunipigia kelele. Hilo ndilo lililoniuma.
"Wodi yangu inatazama barabara.
Nina watoto wa miezi saba ndani ya vioo,
mtoto mzima, nusu pakiti ya unga.
Kijana wako akipita
mikono yao huruka juu, vidole vikatawanyika,
wote pamoja, kama wanaodaka kitu hewani.
Jana nilihesabu. Mara kumi na moja kabla ya alfajiri."
Akafika mlangoni, akageuka:
"Na vijana wako pia huletwa kwetu. Ghorofa ya chini.
Hao huja kimya."

Stejini walibishana wiki nzima.
"Kelele ni breki ya maskini!"
"Kelele ni ujana tu, usiipake dawa," akajibu Auma,
mwanamke pekee wa steji ile.
"Mimi nina sailensa, nina kofia mbili, nina reflekta,
na mwaka wa sita huu sijalala mtaroni."
"Wewe hubebi saa nane za usiku."
"Nabeba. Nabeba polepole."
Mtu akazitaja zile za betri,
zinazopita kama paka jikoni:
moja ilimvaa muuza njugu mgongoni
kabla hajajua kuna kitu duniani.
Wote wakanyamaza,
kila upande ukidhani umeshinda.

Okumbe aligongwa Mamboleo, mwezi wa nne.
Dereva wa lori aliwaambia polisi ukweli:
vioo vilikuwa juu, redio ikihubiri.
Hakusikia kitu.

Mguu ulibaki, nusu yake chuma.
Alikuja kwa mkongojo, akaniuliza,
"Ile yangu bado iko?"
Tukainama pamoja juu ya pipa,
tukapekua kutu na buibui,
hatukuitambua. Nilimpa yoyote.
Nilichukua mia tatu. Ndiyo, nilichukua.

Sikio la kufa, wanasema, halisikii dawa.
Langu halikufa ghafla,
nililiuza kidogo kidogo, mia tano mia tano.
Siku hizi binti yangu Aluoch haniiti kutoka nyuma.
Huzunguka, akasimama pale ninapoweza kumwona,
jinsi dereva mwema anavyomkaribia mtu wa pikipiki:
taratibu, kwa nafasi,
mpaka macho yakutane. Ndipo husema.

Leo asubuhi amekuja kijana mgeni,
pikipiki yake bado ina nailoni kwenye kiti.
Niliisoma midomo yake:
Fundi, itoe.
Nikajifanya sijasikia.
Leo ni tarehe tatu.
Kodi ya kibanda ni tarehe tano.