Daraja za Vyakula

Bachana karudi likizo kutoka chuo cha Tbilisi,
akavipanga vyakula mezani kwa bibi yake kama gwaride.
Maziwa mbele: haya yaliumbwa yanywewe.
Kisha tufaha; linajipaka rangi libebwe,
mbegu isafiri bila nauli.
Asali ni akiba ya nyuki, tule tukijua ni wezi.
Ngano haikuomba kusagwa.
Lozi limejifungia mlango: nani kakualika?

Bibi Mzekala anakata vitunguu, machozi yake hayana maana yoyote.
“Na majani yawashayo, yale ya ukutani?”

“Ya mwisho, bibi. Kinachochoma kinasema: niache.”

“Kinasema, ndiyo. Nilikisikia.
Mwaka ule wa foleni za mkate,
ng’ombe tushamuuza,
theluji ilipoanza tu kuyeyuka
nilivaa soksi mikononi nikayachuma.
Baba yako alikuwa na miaka sita.
Alikunywa mchuzi mpaka bakuli likang’aa.
Hakuuliza yameumbiwa nini.
Aliuliza: yamebaki?”

Kitunguu kikaingia mafutani, kikapiga kelele.
Bachana akayasogeza maziwa kando, kidogo tu,
sufuria ipate pa kukaa.