Ukiona Vyang'aa

Saa tisa za usiku lori la maji linafunga breki getini
na Ngumbao anatuhesabu kwa tochi ya simu:
Kache, Luvuno, mama Haluwa, mimi.
Vijiti virefu, vitambaa, buti za mpira zisizolingana.
Vioo havioshwi mchana. Ukivimwagia maji jua likiwa utosini
vinapasuka, walituambia siku ya mafunzo,
kama chungu cha moto kilichokutana na maji ya mtungi.
Basi tunaviogesha gizani, vingali baridi,
vimelala chali kama wagonjwa.

Safu zangu ni ya ishirini na moja hadi thelathini na tano.
Zilizobaki sizijui.

Shamba hili mjomba aliliita Hakuna.
Mwaka huu umevuna nini? Hakuna.
Mihogo mikavu kama vidole, mahindi ya kuchekesha kunguru,
na jua, jua, jua mpaka tukalitukana.
Kumbe mavuno yalikuwa juu
na sisi miaka yote tumeinamia chini.

Maji ya lori ni matamu. Vioo havitaki chumvi,
chumvi huacha madoa.
Kisima cha Kwa Ngoka ni cha chumvi tupu;
madoa yetu tumeyaweka menoni.

Wageni huja na magari meupe kutoka Malindi,
hupiga picha, husema, tazama bahari ya vioo.
Wahenga walisema vyaelea, vimeundwa.
Mimi vyombo vya majini sivijui, mtu wa nyika.
Nasema ukiona vyang'aa, kuna aliyekesha.

Siku moja ya mwezi wa pili, kwa homa au kwa hasira, sikumbuki,
safu ya ishirini na tisa niliipita.
Niliipita kama unavyompita mdai wako sokoni,
uso kando, hatua za haraka.
Saa nne asubuhi simu ikalia.
Injinia Twalib, yuko mjini, chumba cha baridi, mbele ya kompyuta:
"Ishirini na tisa imeshuka. Kuna nini?"
Vumbi, nikasema.
"Vumbi kiasi gani?"
Nikatazama kidole changu.
La kutosha kuandika jina.
Na kweli nilikuwa nimeliandika, alfajiri ile,
herufi sita, kubwa: MBODZE.

Usiku wake sikupata usingizi, wala si kwa woga.
Mwaka wa tatu huu upepo umeezua jiko langu
na chifu, anayepita mlangoni kila Jumatatu, hajaliona.
Huyu yuko mbali, nyuma ya kuta na mapazia,
ameona vumbi nililoliacha.
Kwa hiyo mkono huu una uzito.
Uko mahali fulani ndani ya mashine, ni mstari:
nikipangusa unapanda,
nikinuna unashuka.

Tangu hapo napangusa kwa namna nyingine,
siwezi kuieleza. Polepole kwenye pembe.

Kunapopambazuka vioo vinageuka vyenyewe, vyuma vikilia kidogo,
vyote uso mmoja, mashariki,
kama darasa mwalimu akiingia.
Waya mnene unaondoka na kazi yetu, unapita juu ya paa langu
ukivuma kama nyuki waliokwisha kuhamia kwingine.
Chini yake, kwangu, koroboi,
na utambi niliousokota kwa kitambaa cha kampuni.

Narudi na ndoo moja ya masalio.
Ngumbao hajaiona, au ameiona akawasha lori.
Mwanangu anasimama kwenye beseni, meno yanagongana.
"Mama, leo umewasha nani?"
Hospitali, namwambia. Mashine ya barafu pale sokoni.
Feni ya mtu mmoja anayeitwa Twalib.
"Na sisi je?"
Geuka, namwambia,
geuka nikusugue mgongo.